Atum, namba kumi, na herufi H ya Amina

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimejiunga na darasa la mtandaoni la hesabu za majina. Mwalimu wetu anasema elimu hii ilianzia Misri ya kale, na ushahidi wake ni jina la mungu wao muumba, Atum. A ni 1, T ni 2, U ni 3, M ni 4, jumla 10, na 1 na 0 ni 1, yaani mwanzo wa vyote. Amenishauri binti yangu Amina nimwongezee H mwishoni, aandikwe Aminah, ili jina lake nalo lifike kumi. Baba yake anacheka tu. Je, ni kweli Wamisri walihesabu majina namna hii? Na hiyo H niiweke?" Mama Amina, Tanga.

Marahaba, Mama Amina, na hongera ya mtoto.

Nianze na jambo ambalo Baba Amina hatalifurahia: hesabu ya mwalimu wako haina kosa. Jedwali analolitumia linazigawia herufi 26 za Kiingereza namba 1 hadi 9, zikiisha linaanza upya. Kwa hiyo A, J na S zote ni 1. B, K na T ni 2. C, L na U ni 3. D, M na V ni 4. Ukiandika ATUM unapata 1, 2, 3, 4, tena kwa mfuatano huohuo bila kuruka hata moja. AMINA ni 1+4+9+5+1, jumla 20, inayorudi kuwa 2. Ukimtia H, ambayo ni 8, inakuwa 28, halafu 10, halafu 1. Hapo hujadanganywa.

Wala sishangai kwamba jambo hili linawanasa watu. Wafuasi wa Pythagoras, yule Mgiriki wa karne ya 6 KK, waliitukuza hesabu hiyohiyo ya 1+2+3+4. Walikuwa wakiichora kwa vitone kumi vya pembetatu, kimoja juu, viwili chini yake, kisha vitatu, kisha vinne, na walikuwa wakiapa kwayo. Karibu miaka 800 baadaye Iamblichus akaandika maisha ya Pythagoras na kusema kwamba mzee huyo alikaa Misri miaka 22 akifundishwa na makuhani. Sasa mtu mwenye habari hizo kichwani akutane na muumba wa Wamisri ambaye jina lake linasomeka moja, mbili, tatu, nne! Hadithi inajiunga yenyewe, haihitaji hata fundi.

Ila herufi hizo nne hakuna Mmisri wa zama za Mafirauni aliyewahi kuziandika.

Tuliangalie jina lenyewe kwa karibu. Kwa hieroglifi, jina la Atum mara nyingi liliandikwa kwa alama hizi: jani la tete, mkate mdogo, chombo cha kuburutia mizigo mchangani kisicho na magurudumu, na bundi. Tete ni sauti nyepesi ya mwanzo, ambayo wasomi huinakili kwa i. Mkate ni t. Kile chombo cha kuburuta kinabeba konsonanti mbili kwa pamoja, t na m. Bundi ni m. Ukizisoma kwa pupa utapata i-t-tm-m, na hakuna aliyelitamka jina hivyo. Mkate na bundi wamewekwa kumsaidia msomaji tu, kumhakikishia kwamba alama iliyo kati yao inasomwa t-m. Jina ni i-t-m basi. Juu ya hayo, mwishoni mwa jina mara nyingi kulichorwa mungu ameketi, alama isiyosomwa kabisa, iliyo pale kukuambia kwamba neno lililotangulia ni jina la mungu. Sasa mwulize mwalimu wako: hapo t zihesabiwe ngapi, moja au mbili? Bundi ahesabiwe au asamehewe? Na yule aliyeketi mwishoni ana namba gani?

Vokali hazikuandikwa. Ile u ya Atum tunayoiandika leo imetokana na ushahidi wa pembeni. Herodotus, katika karne ya 5 KK, alitaja mji wa Patoumos. Biblia inautaja Pithomu, mmoja wa miji ambayo wana wa Israeli walimjengea Farao, Kutoka 1:11. Majina yote mawili yanatokana na Per-Atum, nyumba ya Atum. Mgiriki kasikia u, Mwebrania kasikia o. Vitabu vya zamani vya Kiingereza navyo viliandika Tum, vingine Tem. Kwa jedwali la mwalimu wako TUM ni 9 na TEM ni 11. Mungu ni yuleyule, hajabadilika hata ukucha. Mwenzake Amun, mungu wa mji wa Thebes, ana hali mbaya zaidi: AMUN ni 13, yaani 4, AMON ni 16, yaani 7, AMEN ni 15, yaani 6. Vitabu hadi leo vinayatumia yote matatu.

Hata tukubali kwamba tahajia sahihi ni ATUM na hatutaki nyingine, bado hatujafika salama. U inapata 3 kwa sababu ni herufi ya 21, na ni ya 21 kwa sababu kati ya I na K kuna J. Warumi hawakuwa na J. Ilikuja kutenganishwa na I karne nyingi baadaye, ikazoeleka vitabuni katika karne za 16 na 17, na U ikaachana na V katika kipindi hichohicho. Kwa alfabeti ya Julius Caesar, T ni ya 19, V ambayo ndiyo U yetu ni ya 20, M ni ya 12. Punguza kila moja kwa utaratibu wa mwalimu wako: A ni 1, T ni 1, V ni 2, M ni 3. Jumla ni 7. Kwa alfabeti yetu ya Kiswahili, isiyo na C pekee wala Q wala X, T ni ya 19, U ya 20, M ya 13, na jumla inakuja 8. Kiarabu kwa abjadi, ukiandika alifu, te, wau, mimu, unapata 1+400+6+40, yaani 447. Ile kumi inapatikana katika alfabeti moja tu ya herufi 26, kwa tahajia moja tu, na alfabeti hiyo ilikamilika Atum akiwa hana kuhani hata mmoja duniani kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Jedwali lenyewe la 1 hadi 9, licha ya kuitwa la Pythagoras, lilienezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na miongoni mwa waliolitangaza ni mama mmoja mwandishi aliyeitwa L. Dow Balliett. Pythagoras mwenyewe hakuwa na W wala J ya kuhesabu.

Hayo ndiyo ya upande wa kukataa, na ningeweza kuishia hapo nikamwachia Baba Amina ushindi wake. Lakini umeuliza pia kama Wamisri walihesabu majina, na hapa jibu la "hapana" peke yake lingewadhulumu. Watu wale waliyajali majina kupita kiasi, na walizichezea namba kwa ufundi ambao darasa lako halijaugusa.

Tuanze na majina. Kuna kisa kilichohifadhiwa katika karatasi za mafunjo zilizoko Turin, Italia, za zama za wafalme walioitwa Ramesses. Ra, mungu wa jua, amezeeka, mate yanamdondoka. Isis, mungu wa kike, anayakusanya mate hayo, anayachanganya na udongo, anafinyanga nyoka, anamtega njia panda ambako mzee hupita. Ra anaumwa. Sumu inamchoma, miungu wote wanakuja kulia, hakuna anayeweza kumtibu. Isis anamwambia: nitajie jina lako, kwa sababu mtu ambaye jina lake limetamkwa anaishi. Ra anaanza kumwaga sifa: mimi ndiye niliyeziumba mbingu na ardhi, ndiye niliyefunga milima, na kadhalika, mpaka anafika hapa: mimi ni Khepri asubuhi, Ra mchana, Atum jioni. Sumu haitoki. Isis anamjibu kwamba jina lake halimo katika hayo aliyoyataja. Mwisho mzee anashindwa, anakubali jina lake litoke tumboni mwake liingie tumboni mwa Isis, na ndipo anapona.

Ona Wamisri wenyewe wanavyosema hapo. Jina Atum limetolewa hadharani, mbele ya miungu wote, na likakataliwa! Ni jina la wazi, la kila mtu. Lenye nguvu ni lile lililofichwa, na mwandishi wa kisa hakuliandika. Nguvu ya jina kwao ilikuwa kulijua, kulitamka, kulihifadhi au kulifuta. Ndiyo maana katika karne ya 14 KK mfalme Akhenaten, alipomkataa Amun, aliwatuma watu na patasi kulichonga jina hilo litoke kwenye kuta za mahekalu. Hawakuliacha hata ndani ya jina la baba yake mzazi, Amenhotep. Ndiyo maana pia majina ya maadui yaliandikwa kwenye vyungu, kisha vyungu vikavunjwa. Kote huko sijaona mtu akijumlisha.

Tuje kwenye sauti, maana hapo ndipo makuhani walipokuwa mabingwa. Maandiko ya Piramidi, ambayo nakala zake za kwanza zimo katika piramidi ya mfalme Unas huko Saqqara, karibu 2350 KK, yanamfahamu Atum kama yule aliyejitokeza peke yake kutoka maji ya giza ya Nun, akasimama juu ya kilima cha kwanza huko Iunu. Wagiriki waliuita mji huo Heliopolis, Biblia inauita Oni, kwao mke wa Yusufu. Leo ni mtaa wa Matariya, Cairo, na mnara wa jiwe wa Senusret I bado umesimama pale. Katika fungu mojawapo la maandiko hayo, Atum anawatoa watoto wake wawili wa kwanza kinywani: anamtema Shu, na kitenzi kilichotumika ni ishesh; anamtema Tefnut, na kitenzi ni tef. Maneno yenyewe yanazaa majina. Maandishi ya baadaye yanasema wanadamu, remetj, walitoka katika machozi ya muumba, remyt. Na jina la Atum lenyewe lina shina tem, ambalo kwao lilibeba maana ya kukamilika na pia ya kutokuwapo. Muumba ndiye aliyetimia, na ndiye atakayevirudisha vyote majini siku ya mwisho. Kitabu cha Wafu, sura ya 175, kinamwonyesha Atum mwenyewe akisema hivyo, kwamba atavibomoa vyote alivyovifanya na dunia irudi kuwa Nun.

Na namba? Zipo, tena za Atum mwenyewe. Katika Maandiko ya Majeneza, fungu la 80, kuna kauli kwamba alipowazaa Shu na Tefnut huko Iunu alikuwa mmoja akawa watatu. Ukitaka namba ya Atum kutoka kwa Wamisri wenyewe, hiyo hapo: moja inayogeuka tatu. Kisha Shu na Tefnut wakamzaa Geb, ardhi, na Nut, anga. Hao wakawazaa Osiris, Isis, Seth na Nephthys. Jumla na babu yao ni tisa, kundi lililoitwa pesedjet, Tisa. Kwa Wamisri vijiti vitatu chini ya neno viliashiria wingi, kwa hiyo tatu mara tatu ni wingi wa wingi, yaani wote. Ndiyo sababu kwenye hekalu la Karnak waliweza kuwa na kundi la "Tisa" lenye miungu kumi na watano bila kuona aibu yoyote. Mhasibu angelia, kuhani hakuona tatizo.

Kilele cha ufundi huu, kwa maoni yangu, ni karatasi ya mafunjo iliyoko Leiden, Uholanzi, yenye nyimbo za kumsifu Amun, za zama za Ramesses II, karne ya 13 KK. Sura zake zimepewa namba: moja moja hadi kumi, kisha ishirini, thelathini, kwa makumi hadi mia, kisha kwa mamia. Na kila sura huanza na kuishia kwa neno linalofanana kwa sauti na namba yake. Saba kwao ni sefekh, na sefekh pia ni kufungua, kulegeza. Basi sura ya 70 inamsifu Amun anayefungua maovu na kufukuza maradhi, tabibu anayeponya jicho bila dawa. Tisa ni pesedj, na pesedj ni kung'aa. Ni kama mtunzi wa Kiswahili aufungue ubeti wake wa sita kwa "Hasiti Mola" na kuufunga kwa "asiyesita", na msikilizaji akatabasamu kwa kuwa ameisikia namba bila kutajiwa. Sura ya 300 ndiyo mashuhuri zaidi. Inasema miungu wote ni watatu, Amun, Ra na Ptah, wasio na mwenzao: jina lake limefichwa kama Amun, uso wake ni Ra, mwili wake ni Ptah. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi na bado inanisisimua kuliko jedwali lolote.

Kilichowazuia kujumlisha herufi si ukosefu wa akili, ni namna ya maandishi yao. Namba zilikuwa na alama zake mbali na sauti: kijiti kwa moja, kamba iliyoviringwa kwa mia, yungiyungi kwa elfu, kidole kwa elfu kumi, kiluwiluwi kwa laki moja, na mungu aliyeinua mikono kwa milioni. Kitabu cha hesabu alichokinakili mwandishi Ahmose karibu 1550 KK kina maswali 84, kuhusu mikate, pombe, maghala na maeneo ya mashamba. Hakuna jina la mtu lililogeuzwa namba hata mara moja. Ili ujumlishe jina unahitaji herufi ambazo zenyewe ndizo tarakimu, na kwa Misri jambo hilo lilikuja na Wagiriki, hasa baada ya Alexander kuingia mwaka 332 KK.

Kwa Wagiriki alfa ilikuwa 1, beta 2, hadi ro 100, omega 800. Kila bili ya sokoni iliandikwa kwa herufi, kwa hiyo kila jina lilikuwa tayari ni jumla inayosubiri kusomwa. Mjini Pompeii, Italia, uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79 BK, mtu alikwaruza ukutani kwa Kigiriki kwamba anampenda yule ambaye namba yake ni 545. Na Misri ya Wagiriki na Warumi iliupokea mchezo huu kwa mikono miwili. Jina la mto Nile kwa Kigiriki, Neilos, ni 50+5+10+30+70+200. Fanya hesabu mwenyewe, Mama Amina: ni 365, siku za mwaka, kwa mto ambao mafuriko yake ndiyo yaliyokuwa kalenda ya nchi. Mwandishi Heliodorus aliliona hilo akaliweka katika riwaya yake. Abrasax, jina linalopatikana kwenye mawe ya pete za hirizi, ni 1+2+100+1+200+1+60, nayo ni 365. Hilo halikutokea kwa bahati kama kumi ya Atum. Jina hilo linaelekea kuwa lilipangwa makusudi lifike pale.

Ushahidi wa makusudi hayo ni mlolongo wa maneno sita uliomo kwenye hirizi na karatasi za uganga za Misri ya Kirumi: chabrach phnescher phichro phnyro phocho boch. Kwa Kigiriki ch ni herufi moja yenye thamani 600, na ph ni moja yenye 500. Neno la mwisho, boch, lina b ya 2, o ndefu ya 800 na ch ya 600, jumla 1402. Matano yaliyotangulia yanaleta 1304, 1463, 1280, 1850 na 2700. Ukiyaunganisha yote unapata 9999 kamili, namba kubwa kuliko zote zinazoandikika kwa tarakimu nne. Kwenye mawe hayo mara nyingi amechorwa mungu mtoto Harpocrates juu ya ua la yungiyungi, jua linalochomoza. Hapa basi ndipo mwalimu wako angepaswa kuja akitafuta uganga wa namba kutoka Misri. Upo, ni wa kweli, ila ni wa Kigiriki kwa herufi, na una umri wa karne chache za mwanzo baada ya Kristo. Hieroglifi za mwisho kabisa zilichongwa kwenye hekalu la Philae mwaka 394 BK, na baada ya hapo hapakuwa na aliyeweza kuzisoma mpaka Mfaransa Champollion mwaka 1822. Yeyote anayedai kwamba alirithi siri za hieroglifi mfululizo kutoka kwa makuhani, mwulize zilipitia mlango gani katika miaka hiyo 1,400.

Kama ni kushindania nani alitangulia, rekodi ya zamani zaidi ninayoijua ya jina la mtu kupewa namba haitoki Misri wala Ugiriki. Inatoka Ashuru. Mfalme Sargon II, karne ya 8 KK, alipojenga mji wake wa Dur-Sharrukin, katika Iraki ya leo, aliandika kwamba ukuta wake una dhiraa 16,283, namba ya jina lake.

Kwetu pwani mambo haya si mageni, na nadhani ndiyo sababu darasa lile lilikuvutia. Abjadi ni ndugu wa hesabu ile ya Kigiriki: alifu 1, be 2, hadi ghaini 1000. Namba 786 inayobandikwa madukani na kwenye magari ni jumla ya herufi za Bismillahi nzima. Na mtu wa falaki akitaka kukutafutia nyota anachukua jina lako na la mama yako, anajumlisha, anatoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo buruji. Chukua Ali bin Fatuma. Ali ni aini 70, lamu 30, ye 10, jumla 110. Fatuma ni fe 80, alifu 1, twe 9, mimu 40, na ile te ya kufungia mwisho wa jina, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kama he, yaani 5: jumla 135. Ukiunganisha ni 245. Ukitoa 240 inabaki 5, buruji ya Asadi, Simba. Lakini akija mwingine akaihesabu te ile kama te, yaani 400, jumla inakuwa 640, inabaki 4, Saratani, Kaa. Kijana yuleyule, mama yuleyule. Walau falaki ina adabu moja: inahesabu herufi ambazo jina hilo kweli liliandikwa nazo tangu asili, na haijifanyi ya Kifirauni. Mimi siitumii kutafutia watu bahati, na wanazuoni wengi wanaikemea kwa sababu zao za dini, ambazo utawauliza wao.

Sasa H. Ukitaka kumpa Amina namba, ya Kilatini itakuwa ya kubahatisha kuliko zote, kwa sababu jina lake si la Kilatini. Hata kwa Kiarabu inategemea ni Amina yupi: mwenye maana ya mwaminifu ni 106, mwenye jina la mama yake Mtume ni 96, na sisi kwa Kiswahili tunawaandika wote sawa. Kumi ya Aminah inatoka kwenye jedwali la Marekani lenye umri wa miaka mia na kidogo. Atum hahusiki.

Jambo lenye uzito ni hili. Kama cheti cha kuzaliwa cha RITA kimeshatoka kikisema Amina, H utakayoiandika kwenye kadi ya kliniki, kisha kwenye fomu ya shule, itamfuata mtoto. Siku ya kujaza fomu za NIDA au za pasipoti mtakutana na Amina mmoja na Aminah mmoja, na mtatakiwa mthibitishe kwa kiapo kwamba ni mtu mmoja. Ikiwa cheti bado, na unaipenda tu ile H kwa kuitazama, iweke na usimwombe mtu ruhusa, mradi iwe hivyohivyo kwenye kila karatasi tangu leo. Ikiwa ni kwa ajili ya kumi, iache. Na kama darasa lenyewe bado lina ada ya kumalizia, mwombe mwalimu kwanza akuhesabie bundi.